Chumba cha Ndani: Faragha ya Sala Katika Nyumba za Kupanga



Tuliwahi kuhubiri juu ya fundisho la Bwana kuhusu sala ya sirini (Mt 6:6), tukawahimiza waamini waingie chumbani, wafunge mlango na kusali peke yao. Baada ya Misa mama mmoja alitungoja nje, akatuuliza kwa upole: "Baba, chumba kipi?" Wao ni saba, nao wamepanga vyumba viwili. Hatukuwa na jibu. Anayeijua Mtoni analielewa swali lile: ua mmoja kwa wapangaji wote, redio ya jirani upande wa pili wa ukuta, na magari ya Barabara ya Kilwa tangu alfajiri hadi usiku wa manane. Makala haya ni jibu letu lililochelewa.

Tuanze na maneno. Neno "upweke" katika Kiswahili hubeba huzuni. Mpweke ni mtu aliyeachwa. Sala haidai hilo. Inadai faragha, yaani kuwa na Mungu peke yake kwa hiari, pamoja na utulivu wa moyo. Lakini uani kwetu, mtu akikaa kimya kando ya wenzake huulizwa mara moja anaumwa nini au amegombana na nani. Huo ni wema wa ujirani, nasi hatuulaumu. Hata hivyo, wengi wameingiwa na haya ya kuonekana wametulia.

Neno la Kigiriki analotumia Mwinjili Mathayo, tameion, lilitaja hasa stoo ya ndani, mahali pa kuwekea nafaka na akiba. Bwana mwenyewe hakuwa na chumba chake. Kule Kafarnaumu alifikia nyumbani kwa Simoni na Andrea, ambamo mama mkwe wa Simoni alikuwa mgonjwa, na jioni mji mzima ulikusanyika mlangoni. Giza la alfajiri likiwa bado, alitoka akaenda mahali pasipo watu, akasali (Mk 1:29-37). Hata huko wenzake walimfuata kumwambia kwamba anatafutwa. Basi mama anayekatizwa sala yake na kilio cha mtoto asidhani kwamba sala hiyo imeharibika.

Mwalimu wetu bora katika jambo hili ni Mtakatifu Katarina wa Siena (1347-1380). Baba yake alikuwa mtia rangi nguo, na familia yao ilikuwa na watoto zaidi ya ishirini. Alipokataa kuolewa, wazazi walimnyang'anya chumba chake na kumtwika kazi za nyumba nzima, ili asipate nafasi ya kusali. Muungamishi wake, Padri Raimundo wa Capua, ameandika kwamba ndipo Katarina alipojifunza kujijengea chumba moyoni, ambacho hakuna awezaye kumtoa. Akimhudumia baba yake alijiwazia kwamba anamhudumia Kristo. Akimhudumia mama yake, Bikira Maria. Akiwahudumia ndugu zake, Mitume. Jiko likawa mahali pake pa sala. Hakuishi monasterini, na mwaka 1970 Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa.

Chumba hicho hujengwaje Mtoni? Katekisimu inapendekeza kona ya sala nyumbani (KKK 2691), na juu ya kabati panatosha kwa msalaba na Biblia. Inafundisha pia kwamba hatusali tu tunapopata nafasi, bali tunamtengea Bwana muda (KKK 2710). Mama lishe huwasha jiko kabla wengine hawajaamka. Dakika kumi za kungoja mkaa ukolee zaweza kuwa zake na Mungu. Adhana inayowaamsha jirani zetu Waislamu yaweza kutuamsha nasi. Abiria aliyekwama katika foleni ya kwenda Mbagala aiweke simu mfukoni, alitaje jina la Yesu polepole, akifuata pumzi yake. Akina baba nao wasikie: mke hapati hata dakika hizo kumi ikiwa hakuna anayempokea mtoto.

Tusiwafiche jambo moja. Ukimya hufichua kile ambacho kelele zilikifunika: ada isiyolipwa, hasira ya mwaka jana, marehemu ambaye hatujamlilia. Hii ndiyo sababu wengi huwasha redio upesi, na sisi mapadri tumeshika simu katikati ya Masifu mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Fikra hizo zisipigwe vita. Zikabidhiwe kwa Mungu moja moja. Ikiwa moja inakuelemea kila siku, usibaki nayo peke yako. Mwone padri au mtu mwingine unayemwamini.

Anayeweza kupata siku nzima aende Pugu. Hapo Wabenediktini walianzisha misheni yao ya kwanza katika nchi hii mwaka 1888, na Januari 1889 wamisionari watatu wakauawa humo. Leo waamini huenda kuhiji na kusali.

Lakini kwa wengi mahali pa karibu ni kanisa la parokia, mbele ya tabernakulo, na hapa lawama ni yetu. Makanisa mengi hufungwa mara baada ya Misa ya asubuhi kwa kuogopa wezi. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, tunaziomba Halmashauri Walei zizungumzie jambo hili: mlango mmoja wa pembeni, mzee mmoja wa zamu, kuanzia saa kumi jioni hadi saa moja usiku, wakati watu wanaposhuka kwenye daladala.