Utalii katika Hifadhi ya Taifa ya Gorongosa

Hifadhi ya Taifa ya Gorongosa (kwa Kireno: Parque Nacional da Gorongosa) ni hifadhi ya wanyamapori katika mkoa wa Sofala, katikati ya Msumbiji. Ina eneo la takriban kilomita za mraba 4,000. Sehemu yake kubwa ni tambarare inayofunikwa na maji kila masika kuzunguka ziwa Urema. Hifadhi hiyo inajulikana kwa wingi wa aina za mimea na wanyama, na pia kwa sababu wanyama wake karibu waishe wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha wakarudishwa. Kwa sababu hizo safari ya kwenda huko hupangwa kwa namna tofauti kidogo na safari ya kwenda Serengeti au Maasai Mara: kwanza huzingatiwa majira ya maji, kisha njia na usalama wake, na mwisho aina ya wanyama ambao msafiri anatarajia kuwaona.

Jiografia

Gorongosa iko kwenye ncha ya kusini ya Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, lile lile linalopita Kenya na Tanzania. Upande wa magharibi wa bonde unainuka mlima Gorongosa wenye kimo cha mita 1,863. Upande wa mashariki kuna uwanda wa juu wa Cheringoma, wenye mawe ya chokaa yaliyochimbwa na maji kuwa mabonde membamba na mapango.

Mlima ndio chanzo kikuu cha uhai wa hifadhi. Upepo wenye unyevu unaotoka Bahari ya Hindi hugonga mlima na kuleta mvua inayofikia takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Mito inayotoka huko, kama vile Vunduzi, hushuka bondeni na kulisha ziwa Urema. Maji yanayotoka ziwani hufuata mto Urema na kuingia mto Pungwe, unaopita kusini mwa hifadhi na kumwaga maji baharini karibu na Beira.

Wakati wa kiangazi ziwa hunywea hadi kufikia takriban kilomita za mraba 10. Masika yakiwa makubwa linaweza kuenea hadi kilomita za mraba 200. Maji yakirudi nyuma huacha udongo wenye rutuba na majani mabichi, ambayo huwalisha wanyama katika miezi ya ukame.

Nje ya tambarare ya mafuriko kuna misitu ya miombo, mbuga zenye mivumo na mikoche, vichaka vya mchangani na migunga mirefu yenye gome la manjano. Juu mlimani kuna msitu wa mvua.

Historia

Mwaka 1920 Kampuni ya Msumbiji, iliyotawala eneo hilo kwa idhini ya Ureno, ilitenga kilomita za mraba 1,000 kuwa pori la kuwindia la wakubwa wake na wageni wao. Eneo liliongezwa mwaka 1935. Kambi ya kwanza ya wageni ilijengwa kwenye tambarare ya mafuriko, lakini maji ya masika yalilazimisha watu kuihama baada ya muda mfupi. Simba wakaingia na kukaa ndani ya majengo, hata wakapanda juu ya mapaa yake. Magofu hayo yanaitwa Casa dos Leões, yaani Nyumba ya Simba. Baada ya hapo makao makuu yalijengwa Chitengo, mahali palipoinuka zaidi, na yako huko mpaka leo.

Gorongosa ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1960. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanaikolojia Ken Tinley kutoka Afrika Kusini alihesabu wanyama wake kwa ndege. Alikadiria tembo zaidi ya 2,000, nyati takriban 14,000, viboko takriban 3,500 na simba takriban 200.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Vita kati ya serikali ya Frelimo na waasi wa Renamo vilianza mwaka 1977, na eneo la Gorongosa likawa ngome ya Renamo. Chitengo ilishambuliwa mwaka 1981, na hifadhi ikafungwa mwaka 1983. Askari wa pande zote mbili waliwinda wanyama kwa ajili ya nyama, na pembe za ndovu ziliuzwa ili kununua silaha. Uwindaji haramu uliendelea hata baada ya mapatano ya amani yaliyotiwa saini mjini Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Zaidi ya asilimia 90 ya wanyama wakubwa walitoweka.

Kazi ya kuirejesha hifadhi ilianza upya mwaka 2004, serikali ilipokubaliana na shirika la Mmarekani Greg Carr. Mkataba wa usimamizi wa pamoja wa miaka 20 ulitiwa saini mwaka 2008, na mwaka 2018 uliongezwa kwa miaka mingine 25. Nyati walianza kuletwa mwaka 2006 na nyumbu mwaka 2007. Mbwa mwitu 14 waliletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 2018. Mwaka 2010 sehemu ya juu ya mlima Gorongosa, kuanzia kimo cha mita 700, iliingizwa katika hifadhi.

Tarehe 1 Agosti 2019 rais Filipe Nyusi na kiongozi wa Renamo Ossufo Momade walitia saini makubaliano ya kusimamisha mapigano ndani ya hifadhi hiyo hiyo, huko Chitengo.

Wanyama

Mgeni anayefika tambarare ya Urema kwa mara ya kwanza hukutana zaidi na kuro. Kabla ya vita walikuwa takriban 3,500 tu, lakini hesabu ya mwaka 2018 ilionyesha zaidi ya 50,000. Waliongezeka haraka kwa sababu washindani wao, hasa nyati na viboko, walikuwa wachache, na wanyama wala nyama walikuwa karibu hawapo. Wengine wanaoonekana kwa urahisi ni swala pala, tohe, taya, ngiri, nyani, mamba na viboko. Palahala, tandala na nyala hupatikana zaidi penye miti.

Kukosekana kwa wala nyama kulibadilisha hata tabia za wanyama. Chui walipotoweka, pongo, ambao kwa kawaida hujificha vichakani, walianza kutoka kwenda kula katika uwanda wa wazi. Kurudi kwa mbwa mwitu, na baadaye chui na fisi, kumewapa wanasayansi nafasi ya kuona jinsi hofu inavyowarudisha wanyama hao katika maeneo yao.

Tembo wa Gorongosa wanahitaji uangalifu wa pekee. Majike wengi hawana pembe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa kiasi cha majike wasio na pembe kilipanda kutoka takriban asilimia 18 kabla ya vita hadi takriban asilimia 50 baada yake. Wenye pembe waliuawa, na wasio nazo wakabaki na kuwarithisha watoto wao hali hiyo. Majike wazee walionusurika huonekana bado wanakumbuka magari na bunduki, na baadhi yao hushambulia gari linalowakaribia. Ndiyo sababu waongozaji hukaa mbali nao na kuzima injini mapema.

Ndege ni wengi, wakiwemo mwari, korongo na tai. Mlimani anaishi ndege wa manjano mwenye kichwa cha kijani (Oriolus chlorocephalus), ambaye hupatikana pia katika misitu ya milima ya Tanzania.

Kuchagua majira

Jambo la kwanza katika kupanga safari ya Gorongosa ni tarehe. Kosa la tarehe haliwezi kurekebishwa kwa fedha wala kwa gari zuri.

- Desemba hadi Machi ni masika. Tambarare hufunikwa na maji, barabara za ndani hazipitiki na huduma nyingi za wageni hufungwa. Vimbunga vya Bahari ya Hindi pia hutokea katika miezi hii. Kimbunga Idai kilipiga karibu na Beira usiku wa tarehe 14 Machi 2019 na kufurisha sehemu kubwa ya hifadhi.
- Aprili hadi Juni maji hupungua na nchi huwa ya kijani. Nyasi ni ndefu na wanyama wametawanyika, hivyo huonekana kwa shida zaidi. Ni wakati mzuri kwa ndege na mandhari. Baadhi ya njia huchelewa kufunguliwa kufuatana na wingi wa mvua za mwaka huo.
- Julai na Agosti ni miezi mikavu na yenye baridi kiasi. Nyasi zimepungua na wanyama wanaanza kukusanyika karibu na maji. Asubuhi katika gari la wazi koti linahitajika.
- Septemba hadi Novemba mwanzoni ni wakati bora wa kuona wanyama wengi mahali pamoja, lakini joto linaweza kuzidi nyuzi 35. Mvua za kwanza zinaweza kuanza Novemba.

Kufika

Uwanja wa ndege ulio karibu na kutumika zaidi ni wa Beira, takriban kilomita 200 kwa barabara kutoka Chitengo. Msafiri anayetoka Dar es Salaam au Nairobi kwa kawaida hubadilisha ndege, kwa mfano Johannesburg au Maputo. Mji wa Chimoio upande wa magharibi nao una uwanja wa ndege.

Kwa gari, njia hufuata barabara kuu N6 inayounganisha Beira na mpaka wa Zimbabwe hadi Inchope. Hapo hukunja kaskazini kwa barabara N1 ielekeayo mto Zambezi. Baada ya zaidi kidogo ya kilomita 40 kuna njia ya mashariki inayoingia hifadhini. Magari huendeshwa upande wa kushoto, kama Afrika Mashariki. Gari lenye nguvu ya magurudumu yote manne linafaa zaidi, na mwanzoni mwa msimu ni la lazima.

Safari ya barabara kutoka Tanzania kupitia kaskazini mwa Msumbiji ni ndefu mno. Isitoshe, mkoa wa Cabo Delgado umekuwa na mashambulizi ya kigaidi tangu mwaka 2017. Katika Sofala kwenyewe, kati ya miaka 2013 na 2016 magari kwenye sehemu za N1 yalilazimika kusafiri kwa misafara iliyolindwa na jeshi. Amani imerudi, lakini ni desturi nzuri kuuliza hali ya barabara kabla ya kuondoka Beira.

Maandalizi

Raia wa nchi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ikiwemo Tanzania, hawahitaji viza kwa ziara fupi. Wengine huhakikisha masharti katika ubalozi. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano huombwa cheti cha chanjo. Malaria iko mwaka mzima, kwa hiyo msafiri huonana na daktari kuhusu dawa za kinga na hubeba nguo za mikono mirefu kwa ajili ya jioni.

Fedha ya nchi ni metikali. Lugha rasmi ni Kireno, na wenyeji wengi wa eneo hilo husema Kisena na lugha za karibu nayo. Kiswahili, kinachosikika kaskazini karibu na Ruvuma, hakitumiki Sofala. Saa ya Msumbiji iko nyuma ya ile ya Afrika Mashariki kwa saa moja.

Malazi makuu yako Chitengo, na kuna kambi ndogo ya mahema ya gharama kubwa zaidi. Kwa kuwa vitanda si vingi, nafasi hutafutwa miezi kadhaa kabla ya Agosti hadi Oktoba. Siku tatu kamili hutosha kwa mizunguko ya asubuhi na ya jioni tambararani pamoja na siku moja ya mlimani, penye maporomoko ya Murombodzi na mashamba ya kahawa. Hakuna anayetembea kwa miguu bila mwongozaji, na kando ya maji hatari kubwa ni viboko na mamba.

Hifadhi na wakazi

Pembezoni mwa hifadhi wanaishi takriban watu 200,000, wengi wao wakulima wadogo. Tembo huvuka Pungwe na kula mahindi yao. Mlimani, mpaka mpya wa mwaka 2010 uliwakuta watu wanaolima tayari, na msitu uliendelea kukatwa kwa ajili ya mashamba. Kilimo cha kahawa chini ya kivuli cha miti ya asili kilianzishwa ili familia zipate kipato bila kufyeka msitu unaolisha ziwa Urema. Hifadhi pia inaendesha huduma za afya, vilabu vya wasichana wa shule na maabara ya bioanuwai yenye jina la mwanabiolojia E. O. Wilson, iliyofunguliwa mwaka 2014, ambapo vijana wa Msumbiji husomea uhifadhi. Baada ya kimbunga Idai askari wa wanyamapori walisambaza chakula vijijini.

Mapato ya utalii peke yake hayatoshi kulipia kazi zote hizo, na sehemu kubwa hutegemea wafadhili. Hata hivyo mgeni anayeajiri mwongozaji wa hapo, anayenunua kahawa ya mlimani na kulipa ada halali huongeza sababu ya wakazi kuona kwamba mnyama aliye hai ana faida kuliko aliyenaswa kwa mtego.