Jeshi Lilihesabu Hatua, Ramani Ikaonyesha Kambi

Wasee, mwaka 2013 Pentagon iligawia wanajeshi vifaa 2,500 vya Fitbit kwa majaribio. Wanajeshi walikuwa wananenepa, jeshi likataka kuhesabu hatua zao. Sawa kabisa. Swali la hizo hatua zinapigwa wapi lilikuja baadaye.

Novemba 2017, kampuni ya Strava ilitoa ramani ya dunia iliyochorwa na mazoezi zaidi ya bilioni 1 ya watumiaji wake. Majina yalikuwa yametolewa. Miji ya Ulaya na Marekani iliwaka kama Nairobi usiku ukitazama kutoka Ngong. Januari 2018 Nathan Ruser, mwanafunzi wa Australia wa miaka 20 (rika langu!), akaiangalia. Babake alikuwa amemwambia ati hiyo ni ramani ya mahali wazungu matajiri wako. Ruser akaenda kuangalia Syria. Nchi karibu yote ni giza, halafu kuna vidoa vidogo vinavyong'aa. Hao ni wanajeshi wa kigeni wakikimbia ndani ya kambi zao. Afghanistan, hivyo hivyo.

Picha ya setilaiti inakuonyesha ukuta na paa. Hii ilionyesha watu wenyewe, na njia wanayopenda kupita. Ndiyo maana mtu akiniambia data bila jina ni salama, mimi hukataa. Kwa mji wa watu milioni, kutoa jina kunaweza kukuficha kiasi. Jangwani, mahali wenye saa za mazoezi ni wanajeshi pekee, saa yenyewe ndiyo jina.

Agosti 2018 Pentagon ikapiga marufuku huduma za kuonyesha mahali ulipo kwa wanajeshi walio katika maeneo ya operesheni. Wengine hawakusikia. Julai 2023 Stanislav Rzhitsky, aliyewahi kuongoza manowari ya Urusi, alipigwa risasi akikimbia mjini Krasnodar. Iliripotiwa kwamba alikuwa akiweka mbio zake Strava.

Sasa rudi nyumbani. Sheria yetu ya Afya ya Kidijitali ya 2023 inaita data ya afya rasilimali ya kimkakati ya taifa. Poa. Lakini hebu fikiria orodha isiyo na jina hata moja: vijana mia tatu wamechanjwa homa ya manjano siku moja, kwa kliniki moja karibu na kambi. Wewe ungehitaji majina kujua kikosi kinajiandaa kusafiri?