Safari ya Angani toka London hata Cape Town

Wazee wetu walipoulizwa urefu wa njia hawakujibu kwa maili, walijibu kwa siku. Nao walikuwa na akili. Mtu wa Magoma ajua kwamba mto Luengera ukifurika, kinachomchelewesha msafiri si umbali, bali ni kungojea. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa eropleni ya kwanza iliyokwenda toka London hata Cape Town, mwendo wa maili 6,000 kwa mstari ulionyoka.

Mwaka 1919 Waingereza walituma watu kutengeneza viwanja vya kutua, toka Misri hata kusini. Ilibidi kukata miti, kung'oa visiki na kuvunja vichuguu vikubwa. Waliovunja kwa jembe na kuchukua udongo kwa vikapu ni wenyeji, wala majina yao hayakuandikwa vitabuni. Nami naona sifa ya safari ile ni yao pia, maana rubani asiye na mahali pa kutua atafia wapi ila porini?

Tarehe 4 Februari, 1920, van Ryneveld na Brand, marubani wawili wa Afrika ya Kusini, waliondoka Brooklands karibu na London. Walipokuwa wakiufuata mto Nile usiku, maji ya kupoza injini yakavuja, wakatua gizani karibu na Korosko, na eropleni ikavunjika. Wao wakaokoka. Injini zikatolewa, zikafungwa katika eropleni ya pili huko Cairo, wakaendelea kwa njia ya Khartoum na Kisumu. Huko Tabora eropleni nyingine, iliyowatangulia, ilikuwa imekwisha kuvunjika mwezi ule wa Februari.

Walipofika Bulawayo, yakawapata tena. Mji ule uko juu, zaidi ya futi 4,000, na hewa ya mahali pa juu penye joto ni nyepesi, haina nguvu ya kuinua mbawa. Eropleni ikashindwa kupanda, ikaanguka. Wakapelekewa ya tatu, wakaingia Cape Town tarehe 20 Machi.

Sasa tufanye hesabu. Safari ilichukua siku 45. Lakini saa walizokuwa angani zilikuwa 109 na nusu tu, yaani hazitimizi siku 5. Siku 40 zilizobaki zilikuwa za kungojea na kutengeneza.

Mwaka 1932 Imperial Airways walianza kuchukua barua na abiria njia ile, wakitua Moshi, Dodoma na Mbeya. Safari ilikuwa ya siku 11, kwa kuwa usiku abiria walilala hotelini, na kipande cha Ulaya walipanda gari la moshi. Mwezi wa Mei, 1952, ndege ya Comet ilitoka London ikafika Johannesburg, kwa njia ya Entebbe, kabla ya saa 24 kutimia.

Leo ndege yatoka London hata Cape Town pasipo kutua, kwa saa 11 na nusu hivi. Lakini haipiti tena kwetu. Yakata jangwa la Sahara na kushuka upande wa magharibi wa Afrika, wala haina haja ya Moshi, Dodoma, wala Mbeya.