Sindano Ikishachoma

Wengi wa rika langu tulidungwa kwa mabomba ya kioo yaliyochemshwa na kutumiwa tena. Ukimwi, uliobainika nchini mwaka 1983 mkoani Kagera, ulituonyesha hatari ya sindano ya kurudiwa. Mwaka 1999 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalihimiza chanjo zote, ifikapo mwisho wa 2003, zitolewe kwa sindano zinazojifunga zikishatumika.

Mgonjwa akasalimika, hatari ikahamia jalalani. Usevya, iliyokuwa Rukwa kabla ya Mkoa wa Katavi kuanzishwa 2012, iko mbali na mjini Mpanda. Taka zake lazima zimalizwe hukohuko: boksi gumu, tanuri, kisha shimo lenye uzio, maana moto huyeyusha plastiki lakini chuma hubaki. Nasema, zahanati isiyo na shimo haijamaliza kutibu. Mfagiaji naye ana damu.