Pamba Masikioni

Chukua pakiti ya vijiti vya pamba, vile vyeupe vinavyouzwa kuanzia duka la mtaani hadi supamaketi. Igeuze. Mahali fulani, kwa herufi ndogo mno, pakiti nyingi zina onyo: usiingize ndani ya tundu la sikio. Sasa niambie, wewe huvitumia kufanya nini? Wacha, usijibu. Sote tunajua.

Ni bidhaa chache sana duniani ambazo muuzaji anakukataza kufanya lile jambo lililokufanya uinunue. Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, lakini tabia ya kusoma mambo yasiyo na mtihani haikuniacha. Basi nikaanza kufuatilia: tangu zamani watu wametoa nta masikioni kwa njia gani, na tulifikaje kwa hiki kijiti ambacho hata mtengenezaji wake anakikana?

Tuanze na nta yenyewe, maana imesingiziwa mengi. Watu huiita uchafu, ilhali ni mlinzi. Hutengenezwa na tezi zilizo sehemu ya nje ya tundu la sikio, ikachanganyika na ngozi iliyokufa na vinyweleo. Kazi yake ni kunasa vumbi, kuzuia maji na kupunguza nguvu za vijidudu. Ngozi ya ndani ya sikio nayo haitulii mahali pamoja. Husogea polepole kutoka kwenye ngoma ya sikio kuelekea nje, imebeba nta kama mkokoteni. Ukitafuna chapati, taya linasaidia kusukuma. Kwa watu wengi sikio hujisafisha lenyewe bila kuomba msaada. Kwa wengine, hasa wazee, watoto, na watu wenye matundu membamba au wanaovaa vifaa vya kusikia, mkokoteni hukwama njiani.

Na watu wamekuwa wakiukwamua kwa miaka mingi ajabu. Mwaka 1976, wanaakiolojia wa China walifukua kaburi la Fu Hao, malkia na jemadari wa enzi ya Shang aliyefariki yapata mwaka 1200 kabla ya Kristo. Kati ya silaha, vyombo vya shaba na mamia ya vitu vya jiwe la jade, kulikuwa na vijiko vidogo vya kuchokolea masikio. Yaani mama aliyeongoza majeshi alizikwa na kijiko cha sikio, asije akahangaika huko aendako. Warumi nao walivitengeneza kwa shaba na mfupa, wakaviunganisha kwenye pete moja pamoja na kibano cha nywele na kifaa cha kusafishia kucha, kama wewe unavyoning'iniza ufunguo wa nyumba na wa geti.

Hapa jirani, Ethiopia, mafundi wa fedha walitengeneza vijiko vya masikio vyenye nakshi, vikavaliwa shingoni kama kidani. Fedha nyingi ya mapambo ya huko ilipatikana kwa kuyeyusha sarafu za Maria Theresa, zile zenye mwaka 1780 ambazo zilizunguka hadi Unguja na pwani yetu. Kwa hivyo sarafu iliyolipia karafuu Zanzibar ingeweza kabisa kumaliza safari yake ndani ya sikio la mtu huko Gondar.

Mbona kijiko, tena si kila mahali? Sehemu ya jibu ilikuja mwaka 2006, watafiti wa Japani walipotambua jeni inayoitwa ABCC11. Tofauti ndogo tu katika jeni hiyo huamua kama nta yako itakuwa kavu au ya kunata. Mashariki ya Asia wengi wana nta kavu, inayobanduka kama maganda. Afrika na Ulaya wengi wetu tuna ile ya kunata, rangi ya asali. Kijiko cha mwanzi hukwangua maganda vizuri. Nta ya kunata inataka kulainishwa kwanza, la sivyo unaipaka tu ukutani.

Lakini kuna jambo lililonishika kuliko hivyo vijiko vyote: mara nyingi aliyekishika hakuwa mwenye sikio. Delhi kuna mafundi wa masikio wanaotembea mitaani na vilemba vyekundu, sindano yao ndefu imechomekwa kilembani, pamba mkononi. Chengdu, huko China, unaketi kwenye mkahawa wa chai chini ya miti, fundi anakuja na taa, kijiko, manyoya laini na chuma kinacholia kama nyuki, na wewe unafumba macho. Japani, kulaza kichwa kwenye mapaja ya mama au mkeo akuchokoe sikio ni picha ya mapenzi ambayo kila mtu huko anaielewa. Hata kwetu, kabla ya vijiti vya pamba, nyanya alikuwa na mafuta yake ya uvuguvugu na unyoya wa kuku, na wewe ulilaza kichwa pale kwenye leso yake ukaambiwa usitikisike. Daktari wa leo angempokonya ule unyoya, na angekuwa na haki. Ila nyanya alikuwa na kitu kimoja ambacho kijiti hakina: alikuwa anaona.

Kuona ndiko kulikokuwa hatua ya kwanza ya tiba hii tangu zamani. Mrumi mmoja, Aulus Cornelius Celsus, aliandika kitabu kikubwa cha tiba katika karne ya kwanza baada ya Kristo. Kuhusu mtu aliyepungukiwa na kusikia, utaratibu wake ni huu: tazama kwanza ndani kuna nini. Ikiwa ni nta laini, itoe kwa kijiko. Ikiwa imekauka, tia kitu cha kuilainisha, kisha osha. Miaka karibu 2,000 imepita, na ukienda kliniki leo utafanyiwa takriban hivyo hivyo.

Sasa kijiti chetu. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba mwaka 1923, Leo Gerstenzang, mzaliwa wa Poland aliyehamia Marekani, alimwona mkewe akizungushia pamba kwenye kijiti cha kuchokolea meno ili amsafishe mtoto wao. Akaona biashara. Alitengeneza vijiti vilivyo tayari na kuviita Baby Gays, na baadaye vikajulikana kama Q-tips. Kuanzia hapo pamba iliingia bafuni, ikakaa karibu na mswaki, na kazi iliyokuwa inafanywa na mtu mwingine ikawa ya mtu peke yake mbele ya kioo. Shida ni kwamba kioo hakikuonyeshi ndani ya sikio lako. Unasukuma kwa kubahatisha, kijiti kinatoka na rangi kidogo, unaridhika, na ile nta nyingine imeshindiliwa ndani kama nguo kwenye sanduku la safari ya Krismasi. Kufikia miaka ya 1970 onyo lilikuwa limeanza kuandikwa kwenye pakiti. Mauzo hayakujali.

Kiswahili kilikuwa kimeshatuambia. Mtu asiyetaka kusikia tunasema ametia pamba masikioni. Waliounda msemo huo hawakuwa wamewahi kuona kijiti cha Gerstenzang, lakini walijua vizuri pamba hufanya nini ikiingia mahali pale.

Mwaka jana sikio langu la kushoto liliziba asubuhi moja baada ya kuoga. Ni kawaida: nta ikinywa maji huvimba, tundu linafungika kabisa. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kuudhi tu. Kwangu lilikuwa chakula. Kazi inayolipa kodi ya nyumba yangu ni kunukuu: watu hunitumia mahojiano waliyorekodi, mimi nasikiliza na kuandika neno kwa neno, nalipwa kwa dakika. Sikio moja likifa, dakika moja ya mahojiano inakuwa nne. Halafu kuna ile hali ya kujisikia mwenyewe ukimeza mate na ukitembea, kana kwamba unaishi ndani ya mtungi. Jamaa wanaongea upande wa kushoto, wewe unacheka tu ukitumai walichosema kilikuwa cha kuchekesha.

Nilienda kliniki ndogo ya mtaani. Daktari, mama wa makamo asiye na haraka, alivuta sikio langu juu na nyuma, akachungulia na kale kakurunzi. “Kijana wangu, hapa kumejengwa ukuta,” akasema. Akanipa mafuta ya kutia kwa siku tano, nirudi. Siku ya kurudi alijaza bomba kubwa la sindano maji, akajimwagia kidogo kwenye kifundo cha mkono kama mama anayepima maziwa ya mtoto. Nikamuuliza mbona anapima. “Yakiwa baridi utaona nyumba yote inazunguka.”

Kisha akasukuma. Mara ya kwanza, kelele kama mvua ya Aprili kwenye mabati. Mara ya pili, hivyo hivyo. Mara ya tatu kitu kikajiachia, na kwenye bakuli kikaanguka kidude cheusi, kikubwa kuliko nilivyodhani kichwa changu kinaweza kuficha. Halafu dunia ikaingia. Niliisikia karatasi mkononi mwake. Nilimsikia kondakta barabarani akiita abiria. Nikasikia pumzi yangu ikitoka puani. Sijui niseme vipi, lakini macho yalinilenga machozi, na daktari akacheka kama mtu anayeona hilo kila Jumanne.

Yale maneno yake kuhusu maji baridi yana historia yake, nayo ni nzuri kuliko zote. Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari kijana aitwaye Robert Bárány alikuwa akifanya kazi kwenye kliniki ya masikio mjini Vienna. Kuosha masikio ilikuwa kazi yake ya kila siku, na wagonjwa wengi walilalamika kizunguzungu. Kila alipowatazama machoni, mboni zilikuwa zinachezacheza zenyewe. Siku moja mgonjwa akamwambia kwamba kizunguzungu humjia tu maji yanapokuwa hayana moto wa kutosha, na kwamba akijiosha nyumbani kwa maji ya moto vizuri haimpati kitu. Bárány angeweza kumwambia anyamaze, maana daktari alikuwa nani pale? Badala yake alimsikiliza. Baadaye mgonjwa akalalamika kwamba maji ni ya moto kupita kiasi, na akapata kizunguzungu, na safari hii macho yalicheza kuelekea upande wa pili.

Hapo Bárány akaelewa. Karibu kabisa na tundu la sikio kuna vijia vya duara vyenye majimaji, na hivyo ndivyo huuambia ubongo kichwa kimeelekea wapi. Ukivipasha joto au kuvipoza, yale majimaji husogea, na ubongo unadanganyika kwamba kichwa kinageuka. Kumbe kwa maji tu ungeweza kupima kiungo kilichofichwa ndani ya mfupa wa fuvu! Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 1914. Habari zilimkuta akiwa mateka wa vita huko Urusi, kwa sababu alikuwa daktari wa jeshi la Austria-Hungary na ngome aliyokuwamo ilikuwa imeanguka. Aliachiliwa mwaka 1916, baada ya mwana wa mfalme wa Uswidi kumwombea kwa niaba ya Msalaba Mwekundu. Hadi leo, mgonjwa akiwa amezimia kabisa, mojawapo ya njia za kuchunguza kama shina la ubongo wake bado linafanya kazi ni kutia maji baridi sikioni na kutazama macho.

Yote hayo yalianzia kwa mgonjwa aliyelalamika kuhusu maji, na daktari aliyesikia. Jina la mgonjwa huyo halimo kwenye tuzo.

Nilipokuwa nikilipa, yule daktari wangu aliniambia kwamba wanaomsikitisha ni watoto. Huletwa na wazazi wamechoka, mtoto amekuwa wa mwisho darasani, mwalimu amesema ni mkaidi, hasikii akiitwa. Wengine wana shida kubwa zaidi, usaha au ngoma iliyotoboka, na hao hawaguswi na maji hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya upungufu mkubwa wa kusikia, na wengi wao hawawezi kuponywa kwa bomba la maji ya uvuguvugu. Lakini mara kwa mara, alisema, anachungulia na kukuta ukuta tu. Siku tano za mafuta, dakika kumi za maji. Mtoto anashtuka, anageuka kumtafuta anayeongea, na mzazi anakumbuka viboko vyote alivyomtandika kwa kutosikia.