Silinda Nane Kwenye Murram: Magari ya Marekani Katika Safari Rally

Gari la Kimarekani la silinda nane liliundwa kwa lami pana iliyonyooka. Barabara inayochepuka Kibwezi kutoka njia kuu ya Nairobi na Mombasa, ikavuka mto Athi kuelekea Ikutha, Mutomo na Kitui, haikuwa hivyo hata kidogo. Kwa miaka mingi ilikuwa murram: kiangazi vumbi jekundu, masika tope, na makorongo ya mchanga yanayofurika ghafla mvua ikinyesha mbali. Njia za Ukambani za namna hiyo ndizo zilizowapima madereva wa Safari Rally, mashindano yaliyoanzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili.

Wamarekani walikuja kwa kishindo Pasaka ya 1964, Ford ilipoleta kikosi cha Mercury Comet. Magari hayo yalikuwa na sifa kubwa. Mwaka uliotangulia Comet zilikimbizwa maili 100,000 katika uwanja wa Daytona, Florida, kwa wastani wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Lakini Daytona ni lami. Safari ya 1964 ilianzwa na magari 94, yakamaliza 21, na Comet zilizofika zilikuwa mbili tu, ya 18 na ya 21. Ushindi ulikwenda kwa Peter Hughes na Ford Cortina GT, gari dogo la lita 1.5 kutoka Uingereza.

Comet hazikukosa nguvu. Ziliponzwa na uzito. Gari zito likirushwa na tuta, linapotua mzigo wote huangukia springi, shokabu na ekseli ya nyuma, na injini iwe kubwa namna gani haiwezi kuviokoa. Joginder Singh, mmoja wa madereva wa Comet, aligeukia Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, na mwaka 1965 akashinda pamoja na ndugu yake Jaswant.

Gari kubwa la Marekani lilipata fursa nyingine mwaka 2003, ilipoanzishwa Safari Classic kwa ajili ya magari ya zamani. Hapa kazi ya fundi ndiyo yenye uzito. Gari huvuliwa kila kitu hadi ibaki bodi tupu. Mishono ambayo kiwandani ilishikwa kwa nukta nukta huchomelewa upya mfululizo, isije ikaachia njiani. Ndani hufungwa fremu ya mabomba ya kumkinga dereva gari likibingirika, na chini huwekwa bamba nene la kulinda sampu na giaboksi. Springi hubadilishwa ili gari linyanyuke, zikasaidiwa na shokabu za kisasa zisizopoteza nguvu zikipata joto. Injini, iliyolipa gari jina, ndiyo yenye shida ndogo kuliko vyote.

Mwaka 2009 Ian Duncan, Mkenya aliyekwisha kushinda Safari ya 1994 kwa Toyota Celica, alitwaa Safari Classic akiendesha Ford Mustang, Amaar Slatch akimsomea njia. Ilikuwa imepita miaka 45 tangu Comet zishindwe.

Barabara ya Kibwezi hadi Kitui nayo ilianza kutiwa lami katika muongo uliofuata, na Safari iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake yaliwekwa Naivasha.