Gweedore: Ardhi ya Ubia na Kuvunjwa kwa Kitongoji

Gweedore, wilaya ya wasemaji wa Kiairishi katika pwani ya Donegal, kaskazini-magharibi mwa Ireland, ni nchi ya mawe na vinamasi ambamo, hadi miaka ya 1830, ardhi ililimwa kwa utaratibu wa rundeli. Katika utaratibu huo jamaa na majirani walipanga shamba kwa ubia, kisha wakaligawana vipande vipande kwa kufuata ubora wa udongo, ili kila kaya ipate sehemu yenye rutuba, sehemu hafifu na haki ya malisho mlimani, haki ambayo haikupimwa kwa ukubwa wa eneo bali kwa idadi ya ng'ombe. Nyumba zilisongamana katika kitongoji kimoja, na kiangazi kilipowadia baadhi ya watu walihamia na mifugo milimani au visiwani.

Tatizo la rundeli lilikuwa urithi, kwa maana kila kizazi kiligawanya tena kilichokwisha kugawanywa, hata vipande vikawa vidogo mno. Mwaka 1837 mwalimu wa shule, Patrick McKye, alimwandikia mwakilishi wa taji la Uingereza mjini Dublin akiomba msaada, na katika ombi lake aliorodhesha mali ya watu wapatao 4,000: mkokoteni mmoja, plau moja, uma saba za mezani, na saa ya ukutani hata moja hakuna. Ufukara huo ulikuwa wa kweli, ingawa orodha ya vitu haikuweza kuonyesha kile kilichowawezesha watu hao kuishi, yaani meitheal, ujima wa majirani waliokusanyika kuvuna au kukata mboji ya kinamasi, ambayo ilikaushwa na kutumiwa badala ya kuni.

Kuanzia mwaka 1838 Lord George Hill, kabaila aliyejua Kiairishi, alinunua sehemu kubwa ya ardhi hiyo, akajenga gati na ghala huko Bunbeg, na akaifuta rundeli kwa kumpa kila mpangaji ukanda mmoja wa ardhi ambao alitakiwa kuhamia na kujenga nyumba juu yake. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1845 alimtaja mtu ambaye sehemu zake zilitawanyika mahali 32, hata akazitelekeza kwa kukata tamaa, pamoja na watu watatu wa kisiwa cha jirani waliomiliki farasi mmoja, ambaye mguu wake wa nne ulikosa kiatu kwa kuwa hakuna aliyekubali kuugharimia. Visa hivyo vinachekesha, lakini msimulizi wake alikuwa mwenye ardhi akitetea kazi yake mwenyewe. Wapangaji, kwa upande wao, waliupinga mpango huo si kwa ujinga, bali kwa sababu nyumba zilizotengana ziliwanyima maongezi ya jioni na msaada wa karibu.

Mgogoro mkubwa zaidi ulihusu mlima. Katika miaka ya 1850 makabaila wa eneo hilo, Hill akiwa miongoni mwao, waliyatwaa malisho ya pamoja na kuyakodisha kwa wafugaji wa kondoo kutoka Scotland na kwingineko. Kondoo walipoanza kuuawa na kutoweka usiku, serikali iliwatoza wakazi wote fidia, kwa hesabu kwamba jamii nzima ilikuwa na hatia, jambo linaloonyesha kuwa mamlaka iliyokuwa ikiuvunja umoja wa kitongoji iliutambua vyema pale tu ilipotaka kuutoza. Mapadri wa Kikatoliki walitangaza hadharani dhiki iliyofuata, na mwaka 1858 kamati ya bunge mjini London ikayachunguza malalamiko hayo.

Kwa kuwa vikanda vya ardhi pasipo mlima havikutosha kulisha familia, kazi za msimu zikawa tegemeo: watoto waliajiriwa uchungaji kwa miezi sita katika mashamba yenye rutuba ya mashariki mwa Donegal, na watu wazima, wanawake kwa wanaume, walivuka bahari kila mwaka kwenda kuvuna mashambani Scotland, wakirudi na ujira ambao sehemu yake kubwa iliishia kwenye kodi ya ardhi.